Wewe Ni wa Kwa Nani?

Usiku wangu wa kwanza katika kiwanda cha kuku, hapa Marekani, niliulizwa swali nililolichukia kuliko maswali yote. Ilikuwa saa nane za usiku, mapumziko ya nusu saa. Nilikuwa nimekikumbatia kikombe cha chai kwa viganja viwili ili vidole vipate uhai, maana kule ndani ni baridi kama friji na kisu hakipumziki. Mama mmoja wa Kizungu, kichwa kizima mvi, akaketi mbele yangu, akafunua bakuli lake la maharage na mkate wa mahindi, akaniuliza natoka wapi.

Aliyekulia kambini anajua swali hilo lina mkia. Niliingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, mwishoni mwa 1996, nina miaka minne, mgongoni mwa dada yangu. Tangu hapo kila aliyetuuliza tunatoka wapi alikuwa na kalamu mkononi. Majibu yaliandikwa, yakalinganishwa na majibu ya mwaka juzi, na jina la kijiji likitamkwa tofauti kidogo tu, kesi ya familia nzima inakwama. Kwa hiyo nilimjibu yule mama neno moja: Kongo. Akaitikia kwa kichwa, akatafuna, kisha akauliza tena, kwa Kiingereza cha milimani ambacho siku zile nilikishika nusu nusu: watu wako ni akina nani?

Sikumjibu. Niliacha chai yangu mezani nikarudi kwenye laini kabla ya muda kwisha.

Karibu miaka miwili ikapita. Akaajiriwa kijana wa Kizungu, mwenyeji kabisa, ambaye kwao na kwa yule mama ni dakika kumi kwa gari. Yule mama akamuuliza vilevile. Kijana hakununa. Alimtaja baba yake, akamtaja babu, akaeleza bibi yake alitoka korongo lipi na aliolewa kanisa lipi, wakavuta uzi mpaka wakakuta kwamba ndugu wa babu yake alimwoa shangazi wa yule mama. Nusu saa iliishia hapo, na kijana akagawiwa mkate wa mahindi. Nikiwa meza ya pili nilikuwa namsikia mama yangu mzazi, anavyowasimamisha watoto wa watu njiani: "We mtoto, wewe ni wa kwa nani?" Lilikuwa swali lile lile. Yule mama hakutaka kuona karatasi zangu. Alikuwa akitafuta mahali pa kunikalisha.

Kesho yake nikamfuata mwenyewe. Nikamwambia mimi ni Mbembe, wa Fizi, Kivu Kusini. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi pale Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika. Mama yangu ni wa juu milimani. Nikataja babu wa pande zote mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama yangu naye alikuwa wa milimani. Lakini kule juu hakuna mtu tena."

Tangu siku hiyo namwita Bibi. Nilimweleza maana yake akaipenda.

Bonde letu ni la Shenandoah, jimbo la Virginia, ndani ya safu za milima ya Appalachia. Upande wa mashariki kuna Blue Ridge, milima ambayo kwa mbali ni ya buluu kweli, na katikati ya bonde umesimama mlima mrefu peke yake, Massanutten, unaoligawa bonde kwa zaidi ya kilomita 70. Sisi tulifikia Harrisonburg, mji ambao kwa miaka mingi umepokea wakimbizi, na ndiyo maana sokoni unaweza kusikia Kikurdi, Kihispania, Kitigrinya na Kiswahili cha kwetu katika foleni moja. Kazi zipo kwa sababu ya ndege wa kufugwa. Kaunti ya Rockingham inaongoza Virginia nzima kwa kuku na bata mzinga, na kando ya barabara namba 11 wameweka hata sanamu ya bata mzinga juu ya nguzo ya mawe. Mama yangu alipoiona mara ya kwanza aliuliza ni mfalme gani huyo.

Mji ni mmoja, bonde ni jingine. Ukitoka Harrisonburg kwa barabara namba 33 kuelekea mashariki, ukazunguka ncha ya kusini ya Massanutten, unaingia kwenye vijiji na miji midogo ambayo kila mmoja una kanisa lake, kikosi chake cha zimamoto cha kujitolea na kumbukumbu zake. Kuna Elkton, kuna mji unaoitwa Shenandoah kama mto wenyewe, kuna Stanley, kuna Grottoes. Kuna McGaheysville, ambao ukiusoma kama ulivyoandikwa watajua umefika jana, wenyewe hutamka kama "Magakizvil." Nilijizoeza jina hilo ndani ya gari, peke yangu. Siku nilipolitamka sawasawa kwa muuza mayai, aliniongezea mayai mawili na hakusema kwa nini.

Kitu kingine kilichonichanganya ni mto. Shenandoah unatiririka kwenda kaskazini. Kwa hiyo wenyeji wakisema wanapanda bonde, wanakwenda kusini. Wakisema wanashuka, wanakwenda kaskazini. Wageni wenye ramani hupotea. Mimi sikupotea sana, kwa sababu hata kwetu hatukuwa watu wa kaskazini na kusini. Mama husema kupanda mlimani na kushuka ziwani, basi. Nilipomweleza kwamba hapa watu hufuata maji, alisema hao ni watu wa kawaida.

Sasa niseme kuhusu mlima, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kunyamaza na kusikiliza.

Ukisimama Elkton ukatazama mashariki unaona msitu mtupu. Juu yake inapita Skyline Drive, barabara ya kilomita 169 inayofuata mgongo wa milima kutoka mwanzo wa Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah hadi mwisho wake. Watu hutoka Washington kuja kutazama majani yakibadilika rangi mwezi wa Oktoba. Mimi nami nilipelekwa huko nikiwa mgeni, nikapiga picha, nikadhani ni msitu wa tangu Adamu. Bibi ndiye aliyenifungua macho. Pale palikuwa na mashamba. Palikuwa na shule, makanisa, vinu vya kusaga mahindi, bustani za matufaha. Mwaka 1928 jimbo la Virginia lilipitisha sheria ya kutwaa ardhi hiyo yote kwa pamoja, ili serikali kuu ipewe eneo la hifadhi. Familia kama mia tano zilihama. Wenye hati walilipwa, wengi wao kidogo, na katika miaka ambayo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Waliokuwa wapangaji, au waliolima kwa makubaliano ya mdomo kama babu yake Bibi, ardhi hawakulipwa, kwa sababu kwenye karatasi haikuwa yao.

Walikuwa wameshapigwa kabla ya hapo. Milima ile ilijaa michestinati, miti mikubwa ambayo watu waliokota njugu zake wakauza, waliwalishia nguruwe wao, waliuza magome yake kwa watengeneza ngozi. Ukaja ugonjwa wa miti kutoka nje, na ndani ya miaka michache msitu mzima wa michestinati ukafa umesimama. Mama aliposikia hilo aliuliza swali moja tu: "Kama batobato?" Nikamjibu ndiyo, kama batobato ilivyomaliza mihogo. Hakuhitaji maelezo mengine.

Wakaja pia watu wa kuandika. Walipita makorongo wakiwapima watu wa milimani, wakaandika kwamba ni wajinga, hawajui dunia, na kuwatoa ni kuwasaidia. Siamini kwamba kila aliyeandika alikuwa mbaya. Lakini najua kuandikwa kulivyo. Najua mtu anavyoweza kuketi kwenye mkeka wako, akala mihogo yako, kisha akakuandika mtu usiyemfahamu. Bibi anasema mama yake, mpaka anakufa, hakupenda kusema mbele za watu kwamba alizaliwa mlimani. Watoto wa bondeni walimcheka shuleni kwa matamshi yake. Huo ulikuwa mwendo wa saa chache tu kwa miguu kutoka alipozaliwa!

Hifadhi ilianzishwa rasmi Desemba 1935, na Julai 1936 Rais Roosevelt alikuja mwenyewe pale Big Meadows kuizindua. Kabla na baada ya tarehe hizo watu walikuwa wakishushwa. Mzee mmoja aliyejulikana sana, Melanchthon Cliser, mwenye kituo cha mafuta na mgahawa barabarani, alikataa kutoka. Mwaka 1935 maafisa wa kaunti wakambeba, naye akiimba wimbo wa taifa. Nyumba nyingi zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Wazee wachache wasiokuwa na pa kwenda waliachwa wamalizie siku zao kule juu, na wa mwisho wao alifariki mwaka 1979.

Kuna jambo moja ambalo bado linanishika koo. Baadhi ya walioshushwa walijengewa vijiji chini ya mlima, kimojawapo pale Ida karibu na Luray, na idara ya serikali iliyosimamia iliitwa kwa neno lile lile la Kiingereza tuliloambiwa sisi Nyarugusu: kupewa makazi mapya. Neno ambalo tulilisubiri kwenye ubao wa matangazo kwa miaka kumi na tisa. Neno lililotupandisha ndege Novemba 2015, kila mmoja na mfuko wake mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, umebeba makaratasi. Nilidhani ni neno la wakimbizi wa Afrika. Kumbe babu yake Bibi alilisikia kabla yangu, akiwa mzaliwa, akiwa raia, mlimani kwake.

Sisemi machungu yetu ni sawa. Wao hawakukimbia risasi, hawakuvuka ziwa usiku na mtoto amezibwa mdomo asilie. Walibaki na lugha yao na bendera yao. Bibi mwenyewe hapendi nikilinganisha. Husema yangu ni makubwa, niyaache yasimame peke yake. Lakini kuna kipande kimoja kinachofanana, nacho ni kile cha kutazama mlima kila asubuhi ukijua shamba liko pale na huruhusiwi kulima. Mama haikumbuki Fizi kwa vita. Huikumbuka kwa shamba.

Mwezi wa Oktoba, mwaka wa tatu wa kukaa kwetu, Bibi alitualika kanisani kwao kupika matufaha. Wenyewe huita siagi, ingawa haina tone la maziwa. Ni jamu nzito, nyeusi karibu kama asali ya porini. Moto huwashwa nje alfajiri, chini ya sufuria kubwa ya shaba. Matufaha hutiwa kidogo kidogo, na kuanzia hapo mwiko hauachwi mpaka jioni, kwa sababu ukiacha kukoroga dakika chache, kitu kinaungulia chini na kazi ya kanisa zima imepotea. Ndani ya sufuria hutupa sarafu za shaba zilizooshwa, zisugue sakafu isishike. Mwiko wenyewe ni mrefu kuliko mtu, una kichwa kilichopinda, ili mkorogaji asimame mbali na moto.

Tulikwenda na mama. Hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Alisimama pembeni karibu saa nzima, kitenge chake kimefungwa vizuri, mikono imefumbatwa, akitazama wanawake wale wakipokezana. Kisha akasogea, akanyoosha mikono. Mwanamke aliyekuwa akikoroga akamtazama Bibi, Bibi akatikisa kichwa kukubali, akapewa mwiko. Mama amepikia misiba ya kambini, ugali wa watu mia mbili. Akaweka miguu sawa, akakoroga kwa mgongo, si kwa mikono, akipita katikati, kisha pembeni, kisha katikati. Hakuna aliyempokea kwa muda mrefu. Wale wanawake walimsogelea wakatazama jinsi anavyosimama. Mmoja akaleta kiti, mama akakikataa.

Tulirudi nyumbani na chupa nne. Wiki iliyofuata mama alizijaza mandazi na karanga za kukaanga akanituma kuzirudisha, maana kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Bibi alipozipokea alikaa kimya kidogo, kisha akasema mama yake naye alikataza kurudisha chombo kitupu. Tangu hapo chupa hizo nne hazijawahi kupumzika. Zimebeba sombe, yaani kisamvu, zimebeba maharage, zimebeba mboga moja ya porini waiitayo poke, ambayo mbichi ni sumu na lazima ichemshwe, maji yamwagwe, ichemshwe tena. Nilipomtafsiria mama maelezo hayo alicheka: "Mwambie sisi tulilelewa na muhogo mchungu."

Si wote waliotupokea hivyo. Kuna mtu aliwahi kuniambia kwenye kituo cha mafuta nirudi kwetu, na nilikuwa na mwanangu mkononi. Nililia ndani ya gari. Sikulisahau na sitaki kulisahau, kwa kuwa nikisema bonde hili limejaa wema mtupu nitakuwa nawadanganya ndugu zangu wanaokuja.

Kuna jambo ambalo Bibi hakulijua mpaka nilipomwambia mimi. Mzee mmoja Mwafrika-Mmarekani wa Harrisonburg alinisimulia kuhusu Newtown, mtaa ambao watu waliotoka utumwani walinunua viwanja na kujenga baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuingia miaka ya 1960, mji ulichukua sehemu kubwa ya mtaa huo kwa mpango wa kujenga upya, ukabomoa nyumba na maduka. Mzee akaniambia pia kuhusu Lewis Mountain, ndani ya hifadhi ile ile. Mwaka 1939 palifunguliwa pale sehemu ya weusi peke yao, kwa kuwa hawakuruhusiwa kukaa na wazungu. Nilipomsimulia Bibi haya, aliweka kijiko chini. Alizaliwa kilomita 25 kutoka Newtown. "Hakuna aliyetuambia," alisema, na baada ya muda akaongeza, "Na sisi hatukuuliza." Nilimheshimu sana kwa sentensi hiyo ya pili. Nami ilinigusa, kwa sababu nilijiuliza ni mara ngapi tulikaa Nyarugusu tukiwalaumu wenyeji wa Kasulu kwa kutukataza kuni, bila kuwauliza msitu ule ulikuwa wa nani kabla kambi haijawekwa.

Aprili iliyopita Bibi alikuwa akienda kusafisha makaburi ya kwao. Ndani ya hifadhi kuna makaburi ya familia zaidi ya mia moja, na wazao huruhusiwa kuyatunza. Miguu yake haina nguvu kama zamani, akaniomba nimpeleke. Mama akasema naye atakuja.

Tulipita Elkton, pale palipo mnara uliojengwa mfano wa dohani ya mawe, wenye majina ya koo zilizoshushwa. Bibi aliligusa jina lao bila kusimama sana. Tukapanda barabara namba 33 mpaka Swift Run Gap, tukaingia Skyline Drive, tukaegesha gari, tukashuka kwa miguu polepole kama nusu saa. Hakuna kibao. Bibi alijua njia kwa maua. "Ukiona maua ya njano yamepanga mstari," alisema, "hapo palikuwa na baraza la nyumba, mwanamke aliyapanda." Na kweli, katikati ya msitu, mstari wa maua ya njano, mawe ya msingi, mtufaha mzee umepinda. Nyumba haipo karibu miaka tisini, na maua bado yanatokea kila mwaka mahali pale pale pa mlango.

Makaburi yalikuwa juu kidogo, yamefunikwa na majani yanayotambaa, ya kijani hata wakati wa baridi. Mengi hayana maandishi. Ni mawe ya shambani tu, moja kichwani, moja miguuni, na mengine ni madogo, umbali kati ya jiwe na jiwe hauzidi mkono wangu. Mama aliyaona hayo madogo kabla yangu. Alivua kandambili, akasimama kando, akawasalimu kwa Kibembe, kama mgeni anavyopiga hodi. Kisha akapiga magoti akaanza kung'oa magugu kwenye lile dogo kuliko yote.

Mama ana kaburi kama hilo Nyarugusu. Mdogo wangu, malaria, mwaka 2003. Tulipoondoka alimwachia jirani pesa kidogo awe analisafisha, na yule jirani naye baadaye akapata ndege kwenda nchi nyingine. Hajawahi kulisema hilo mbele ya mtu wa nje. Siku ile alilisema, kwa Kiswahili, mikono ikiwa udongoni, hakunitazama. Nikamtafsiria Bibi. Bibi hakusema pole. Alishika bega langu, akajishusha taratibu mpaka magoti yake mabovu yakagusa chini, wakang'oa pamoja.

Wakati wa kurudi, Bibi alikaa mbele na mama nyuma. Tulipoanza kushuka kuelekea Elkton, Bibi aligeuka kwenye kiti, akamwangalia mama, akamuuliza lile swali lake. Nikamtafsiria: anauliza watu wako ni akina nani.

Mama akaanza na mama yake. Akaenda kwa bibi yake, na mume wa bibi, na ndugu zake saba, na mlima waliohamia, na mto uliopita chini ya mlima huo, na watoto wao waliokufa na waliobaki. Mwanzoni nilitafsiri: huyu ni mjomba, huyu ni shangazi, huyu alizama ziwani. Bibi akaniwekea mkono juu ya usukani niache. Mama aliendelea kutaja majina, kona baada ya kona, na Bibi, amegeuka nyuma, alirudia kila jina kwa sauti ndogo, akijitahidi kulitamka sawasawa.